Hitilafu Inayojificha: Umeme wa Mkono wa Gia katika Malori

Kila dereva wa lori apitaye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma anaufahamu Mlima Kitonga, mkoani Iringa. Hapo barabara hupanda ubavuni mwa mlima kwa kona kali, na malori yaliyosheheni mizigo hufuatana polepole kama siafu. Mahali kama hapo dereva hubadili gia mara nyingi katika muda mfupi, na kila mara hutegemea kwamba gia aliyoichagua itaingia. Isipoingia, lori hubaki bila nguvu ya injini. Likiwa linapanda, huweza kurudi nyuma. Likiwa linateremka, hukosa kizuizi cha injini, na uzito wote huelemea breki za magurudumu.

Ukubwa wa hatari hiyo waweza kupimwa kwa hesabu ya darasani. Lori lenye uzito wa tani 50 likiteremka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kuondolewa ni kilo 50,000 mara 9.8 mara 100, yaani jouli milioni 49. Joto hilo latosha kuchemsha lita 145 hivi za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za sentigredi. Injini iliyo katika gia husaidia kubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Injini isiyo katika gia haisaidii chochote.

Katika malori mengi ya siku hizi amri ya kubadili gia haipitii vyuma peke yake, bali hupitia pia waya mwembamba wa umeme uliomo ndani ya mkono wa gia. Waya huo ukikatika kabisa, fundi huugundua upesi. Taabu huanza pale waya unapokatika kwa sekunde moja, kisha ukaungana tena kabla fundi hajafika.

UMEME UNAFANYA NINI KATIKA MKONO WA GIA?

Lori zito huhitaji gia nyingi kuliko gari dogo, kwa sababu injini yake hufanya kazi vizuri katika mizunguko michache tu ya kasi. Lakini mkono wenye mahali 16 pa kuusukuma ungemchanganya dereva. Kwa hiyo wahandisi hugawa sanduku la gia katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni gia kuu nne, ambazo dereva huzichagua kwa kuusukuma mkono mbele au kuuvuta nyuma. Sehemu ya pili huwa na safu mbili, moja ya nguvu na moja ya mwendo. Sehemu ya tatu huigawa kila gia katika nusu mbili, nusu ya chini na nusu ya juu. Nne mara mbili mara mbili ni 16.

Sehemu hizo mbili za mwisho haziendeshwi kwa nguvu ya mkono wa dereva, bali kwa hewa iliyoshindiliwa, ambayo madereva huiita upepo. Katika baadhi ya malori mipira myembamba ya upepo hufika hadi kwenye kirungu cha mkono wa gia. Katika mengine kirungu kina swichi ndogo ya umeme. Dereva akiibonyeza swichi, umeme hushuka ndani ya shina la mkono, hupita kwenye plagi iliyo chini, kisha huifikia vali yenye koili ya sumaku-umeme. Koili ikipata umeme huvuta kifuniko, upepo hupita, nao huisukuma gia. Katika malori mengi vali ya kugawa gia haipati umeme mpaka klachi ikanyagwe, kwa hiyo swichi ya klachi nayo imo katika mzunguko huo huo.

Msomaji ataona kwamba mzunguko huu ni rahisi. Una betri, fyuzi, swichi mbili, plagi, koili, na njia ya kurudi kupitia bodi. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuuchora kwa dakika moja. Hata hivyo umewalaza njiani madereva wengi.

JINSI WAYA UNAVYOCHOKA

Waya wa mkono wa gia una adui wawili. Adui wa kwanza ni kupindwapindwa. Kila gia inapobadilishwa waya hujipinda mahali pale pale, na kila kabini inapoinuliwa ili injini itazamwe, nyaya zilizo karibu na bawaba zake hupindwa pia. Katika karne ya 19 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alionyesha kwa majaribio ya ekseli za mabehewa kwamba metali huweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule inaoweza kuuhimili mara moja, iwapo mzigo huo utarudiwa mara nyingi. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Shaba nayo huchoka. Kila inapopindwa huwa ngumu zaidi mahali hapo, kisha hufanya ufa, kisha hukatika.

Ili kupunguza uchovu, waya wa gari hutengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Lakini faida hiyo ina hila ndani yake. Uzi mmoja wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2 na urefu wa sentimita 1 una ukinzani wa omu 0.005 tu hivi. Maana yake ni kwamba nyuzi zote zikikatika isipokuwa mmoja, vali bado itapata umeme wake karibu wote. Waya hautoi onyo. Siku uzi wa mwisho unapokatika, ncha zake hubaki zikigusana ndani ya gamba la plastiki. Mkono ukielekea huku hugusana, ukielekea kule huachana.

Adui wa pili ni mtikisiko. Ndani ya plagi meno ya chuma yaliyopakwa bati husuguana kwa mwendo mdogo usioonekana kwa macho. Kila msuguano hukwangua bati na kuacha unga wa oksidi, ambao haupitishi umeme vizuri. Barabara yenye makorongo huharakisha kazi hiyo, na unyevu wa pwani pamoja na vumbi la bara huongeza madhara yake.

MFANO WA LORI MOJA

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo, lakini kila hatua yake ni jambo la kawaida katika karakana.

Lori limetoka Dar es Salaam likiwa na mzigo wa kwenda Zambia. Hadi Morogoro hakuna tatizo. Mchana, baada ya Mikumi, dereva anaona kwamba mara nyingine akiibonyeza swichi ya kugawa gia na kukanyaga klachi, gia haipandi nusu ya juu. Akirudia, inapanda. Kufika Iringa analipeleka lori kwa fundi wa umeme. Lori limekwisha poa, limesimama mahali tambarare, na mkono wa gia uko katikati. Fundi anajaribu swichi mara kumi. Mara zote kumi inafanya kazi.

Fundi anaamua kwamba swichi ndiyo mbovu na anaibadilisha. Lori linaondoka na linakwenda vizuri siku nzima. Siku ya pili kasoro inarudi. Fundi mwingine anabadilisha vali, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Lori linapona tena, na baada ya siku mbili linaugua tena.

Je, mafundi hao walidanganya? La. Wao wenyewe walidanganywa. Ili kuibadilisha swichi ilibidi waya utikiswe, na ulipotikiswa ncha zilizoachana zikagusana. Lori lilipona kwa sababu waya uliguswa, si kwa sababu swichi ilikuwa mbovu. Hitilafu ya namna hii humtuza fundi kwa kazi isiyo sahihi, na mwenye lori hulipia vipuri vizima.

DAFTARI LA UTINGO

Fundi wa tatu hakugusa kitu siku ya kwanza. Alimpa utingo daftari na kumwomba aandike, kila gia inapokataa, mambo manne: saa ngapi, gia kuu iliyokuwemo, hali ya barabara, na joto la siku kwa neno moja tu, baridi au jua. Aandike pia mara gia inapokubali, kwa sababu bila hesabu ya mafanikio hesabu ya makosa haina maana.

Waliporudi daftari lilionyesha jambo ambalo dereva hakuwa amelitambua. Gia ilikataa mchana zaidi kuliko asubuhi. Tena, karibu mara zote ilikataa mkono ulipokuwa umevutwa nyuma, yaani katika gia kuu ya pili na ya nne. Mkono uliposukumwa mbele, katika gia ya kwanza na ya tatu, gia ilikubali.

Habari hizo mbili zilikuwa na thamani kuliko vipuri viwili. Vali imefungwa kwenye sanduku la gia na haijui kama mkono umeelekea mbele au nyuma. Swichi ya klachi nayo haijui. Kitu kinachojua ni kile kinachosogea pamoja na mkono. Kwa hiyo kasoro ilipaswa kutafutwa kati ya kirungu na plagi iliyo chini ya shina.

Habari ya mchana nayo ilieleweka. Joto hulainisha plastiki, na gamba lililolainika haliwezi kuzibana ncha za waya kama lile lililokaza kwa baridi. Pia ukinzani wa shaba huongezeka kwa asilimia 0.39 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili yenye omu 30 katika nyuzi 20 huwa na omu 37 katika nyuzi 80, na mkondo wake hushuka kutoka ampea 0.8 hadi ampea 0.65 hata kama waya ni mzima. Vali iliyokwisha dhoofishwa na joto haivumilii upungufu mwingine.

MITA ISEMAPO NUSU YA UKWELI

Sasa fundi alitaka kipimo. Hapa ndipo wengi hupotea. Alipochomoa plagi ya vali na kupima kwa mita ya tarakimu, mkono ukiwa nyuma, mita ilisoma volti 24 kamili. Mtu mwenye haraka angesema waya ni mzima.

Sheria ya Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, inaeleza kosa hilo. Ukinzani wa ndani wa mita ya tarakimu huwa kiasi cha omu milioni 10. Tuseme ncha za waya zinagusana kwa shida na zina ukinzani wa omu 20. Mkondo unaopita kwenye mita ni mdogo mno, na volti zinazopotea kwenye omu 20 hizo hazifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya volti. Mita haiwezi kuziona.

Unganisha vali na mambo hubadilika. Ukinzani wote sasa ni 20 na 30, yaani omu 50. Mkondo ni 24 gawanya kwa 50, sawa na ampea 0.48 badala ya 0.8. Vali inapata volti 14.4 tu, na volti 9.6 zinapotea katika ncha zile. Nguvu ya kuvuta ya koili hulingana kwa makisio na mraba wa mkondo. Mraba wa 0.6 ni 0.36. Vali imebakiwa na thuluthi moja hivi ya nguvu yake, nayo haifunguki, au hufunguka kwa kuchelewa na kuiacha gia katikati, si huku wala kule.

Kwa hiyo mzunguko wa umeme hupimwa ukiwa kazini. Fundi alifunga magurudumu kwa vizuizi, akazima injini, akawasha ufunguo, na upepo ukiwa bado umo katika matangi alimwomba utingo akanyage klachi na kuibonyeza swichi. Plagi zote zikiwa zimeunganishwa, aliweka ncha moja ya mita kwenye fyuzi na nyingine katikati ya njia, kwenye plagi iliyo chini ya shina. Waya mzima hupoteza sehemu ndogo tu ya volti moja. Mita ilisoma karibu volti 10. Nusu moja ya njia ilikwisha hukumiwa, na nusu nyingine ikaachiliwa.

Aliigawa tena nusu yenye kosa katika sehemu mbili, akapima, akaigawa tena. Njia yenye vipande 16 huhitaji vipimo vinne tu kwa utaratibu huu, kwa kuwa 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Asiye na mita aweza kutumia taa ya majaribio ya wati 21 na volti 24. Taa hiyo ikiwaka hutumia ampea 0.9 hivi, karibu sawa na vali, na kwenye waya mbovu itafifia mbele ya macho yake.

Mwishowe, kasoro ilikuwa chini ya mpira unaofunika shina, mahali waya ulipobanwa na kishikizo. Gamba la nje halikuwa na alama yoyote. Lakini fundi alipolivuta taratibu, lilirefuka kama mpira mahali pamoja, kwa sababu ndani yake hapakuwa na shaba iliyoshikana.

Kuna mambo mawili ambayo fundi huyo hakufanya. Hakutoboa magamba ya nyaya kwa sindano ili kupima, maana kila tundu ni mlango wa maji. Wala hakuunga waya kwa risasi mahali pale unapopindwa. Risasi hupenya kati ya nyuzi na kuzifanya kitu kimoja kigumu, na waya hukatika tena pembeni mwa ugumu huo. Alibadilisha kipande kizima kwa waya wenye nyuzi nyembamba zaidi, akaweka maungo mbali na mpindo, na akauachia waya nafasi ya kulegea ili usivutwe.

JE, LORI LIMEPONA?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Tuseme kabla ya matengenezo gia ilikataa, kwa wastani, mara moja katika kila mara 20. Fundi anajaribu mara 10 na zote zinakubali. Je, amethibitisha lolote?

Uwezekano wa gia kukubali mara moja katika lori bovu ni 0.95. Uwezekano wa kukubali mara 10 mfululizo ni 0.95 kwa kipeo cha 10, yaani 0.6 hivi. Kwa maneno mengine, lori ambalo halikutengenezwa kabisa lingefaulu mtihani huo mara sita katika kumi. Ili uwezekano wa kudanganyika ushuke chini ya asilimia 5, yahitajika majaribio 59 mfululizo bila kosa. Si ajabu basi kwamba mafundi wawili wa kwanza waliamini wamefaulu.

Njia bora ni kuufanya mtihani uwe mgumu. Mkono uwekwe katika gia ya nne, ambako kosa hutokea zaidi, lori liwe na joto, na waya utikiswe kwa mkono wakati mita inaangaliwa. Fundi aliyeweza kuleta kosa kwa makusudi kabla ya matengenezo, na akashindwa kulileta baada ya matengenezo, ana ushahidi. Aliyengoja tu kosa lisitokee ana matumaini.

KOMPYUTA NAYO HAIJAMALIZA KAZI

Katika malori mapya mkono wa gia umekuwa kifaa cha kupeleka habari kwa kompyuta. Habari hizo husafiri katika nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Katika kiwango cha J1939, kinachotumiwa na malori mengi, kila mwisho wa nyaya hizo huwekwa kikinzani cha omu 120. Vikinzani viwili vya omu 120 vilivyo sambamba hutoa omu 60. Fundi akizima umeme na kupima kati ya nyaya hizo, akapata omu 120 badala ya 60, hujua kwamba kikinzani kimoja hakifikiwi.

Kompyuta pia hutunza alama za makosa. Katika kiwango hicho namba 5 huonyesha mkondo uliopungua au mzunguko uliokatika, na namba 2 huonyesha habari zisizo na utulivu, zinazokuja na kutoweka. Ni daftari la utingo lililoandikwa kwa mashine. Hata hivyo alama hutaja mzunguko wenye kosa, haitaji sentimita ya waya iliyochoka. Anayebadilisha kipuri kwa sababu tu kimetajwa na kompyuta anarudia kosa la fundi wa kwanza kwa gharama kubwa zaidi.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

Chukueni betri mbili za tochi, balbu ya tochi, swichi, na kipande cha risasi ya penseli. Unganisheni balbu kwa waya mzuri na mpime volti zilizopo kwenye balbu. Kisha ingizeni risasi ya penseli katika njia ya umeme na mpime tena, balbu ikiwa inawaka. Halafu ondoeni balbu peke yake na mpime volti kati ya ncha mbili zilizoachwa wazi.

Mtaona kwamba balbu inafifia na volti zake hupungua, lakini balbu ikiondolewa mita husoma karibu volti zote za betri, kana kwamba risasi ya penseli haipo. Elezeni kwa sheria ya Ohm. Kisha mwalimu aifiche risasi hiyo ndani ya mrija, mahali pasipojulikana kati ya vipande vinane vya waya, na wanafunzi waitafute kwa vipimo vitatu tu, balbu ikiwa inawaka.

Mwanafunzi atakayeipata amekwisha jifunza kazi ya fundi wa tatu. Siku moja huenda atakutana na dereva aliyesimama chini ya mlima, mwenye lori ambalo gia yake hukataa mara nyingine tu. Kabla ya kushika bisibisi, na amwulize kwanza: hukataa saa ngapi, na mkono ukiwa umeelekea wapi?